Barua niliyoipitisha chini ya mlango

Mpangaji wangu wa chumba cha nyuma alirudi kutoka safari akaikuta barua yangu ya kumjulisha kwamba kodi inapanda ipo sakafuni, kona moja imekunjwa na mlango alipoufungua. Tarehe niliyoandika juu yake ilikuwa ya wiki tatu nyuma. Jioni hiyohiyo akaja kubisha hodi, barua mkononi, akaniambia kwa upole, "Mama, hii nimeiona leo." Kwa hesabu zangu, zilikuwa zimebaki siku 9 kodi mpya ianze.

Nilimbishia. Nikasema barua ilifika, yeye ndiye hakuwepo. Alipoondoka nikautoa mkataba wetu kabatini nikausoma taratibu. Uliandikwa kwamba mwenye nyumba atampa mpangaji notisi ya maandishi ya siku 30. Atampa. Kumpa mtu kitu si kukisukumia chumbani kwake wakati hayupo. Zile siku 30 ni zake: atafute nyongeza ya fedha, azungumze na mwenzake, au akatafute chumba kingine. Mimi nilikuwa nimemlia siku 21. Asubuhi nikamfuata, nikamwomba radhi, tukaanza kuhesabu upya kuanzia siku aliyoipokea.

Siku hizi barua naipeleka mwenyewe, nakala mbili. Moja anabaki nayo, nyingine anaisaini na kuandika tarehe kwa mkono wake. Kuna mpangaji aliogopa kalamu, akidhani akisaini amekubali bei. Nikaelewa hofu yake, na tangu hapo juu ya mstari wa saini naandika "Nimepokea barua hii", basi. Kupokea si kukubali. Bado ana haki ya kuja tuzungumze.

Ndani ya barua sitaki maneno ya "kodi itapanda kidogo kuanzia mwezi ujao." Kidogo ni kiasi gani? Naandika jina lake kama lilivyo kwenye mkataba, chumba, kodi anayolipa sasa, kodi mpya kwa tarakimu na kwa maneno, na tarehe kamili atakayoilipa kwa mara ya kwanza. Kama mkataba una majina mawili, yote mawili yanaingia. Sababu naitaja hata pale ambapo silazimiki, kwa kuwa mtu anayeongezewa mzigo anastahili kujua unatoka wapi.

Ujumbe wa simu natuma, lakini kama ukumbusho tu, labda mkataba wenyewe uwe umesema unatosha. Maneno ya mdomo mlangoni ndiyo mabaya kuliko yote. Mwezi ukiisha, kila mmoja anakumbuka kiasi chake.

Wenye nyumba wenzangu huwa tunavutana kwenye jambo moja: mkataba wa mwaka mzima. Mimi nasema kama haukuweka kifungu cha kupandisha kodi katikati, subiri uishe. Notisi, hata iwe nzuri namna gani, haiwezi kukupa haki ambayo mkataba haukukupa. Na kabla ya kuandika lolote, angalia sheria ya mahali nyumba ilipo. Kuna sheria zinazotaka muda mrefu kuliko ulioandikwa kwenye mkataba, nyingine zinaweka kikomo cha nyongeza au cha mara ngapi kwa mwaka, na mkataba wako hauzipunguzi.

Yule wa chumba cha nyuma bado yupo. Akitaka kusafiri siku nyingi huniaga, na kama nina barua, namsubiri arudi.