Usonji: fomu kwanza, jeni baadaye

Mtoto wa Kisauni anasoma Kul-huwallahu mwanzo hadi mwisho bila kukosea. Akitaka maji, anamshika mamake mkono na kuuweka kwenye mlango wa friji. Ukijaza fomu ya utafiti wa jeni za usonji (autism) kwamba "anaongea" hujadanganya, lakini umemharibia mtafiti kazi. Andika mbali maneno anayotunga mwenyewe na mbali anayorudia alivyoyasikia, yakiwemo ya katuni za Kiingereza, kisha eleza anavyoomba kitu. Andika pia alitembea lini, kama aliwahi kuwa na maneno yakapotea, na kama ana kifafa. Masikio yapimwe kabla ya yote.

Mzingo wa kichwa unapuuzwa sana, na ni makosa. Utepe upite juu ya nyusi na pale kisogo kilipotokeza zaidi. Pima mara tatu, chukua namba kubwa. Nywele zilizosukwa zifumuliwe, zinaongeza kipimo. Wapime na wazazi, maana kichwa kikubwa huweza kuwa cha ukoo tu. Kikizidi mno, jeni za PTEN na CHD8, ambazo zikiharibika huweza kuleta usonji na kichwa kikubwa, zitazamwe kwa makini.

Damu ni mililita 2 hadi 4, chupa ya EDTA (kemikali ya kuzuia damu kuganda) yenye kifuniko cha zambarau, igeuzwe taratibu mara 8 hadi 10 isigande. Chupa ya heparini haifai, inavuruga PCR, yaani kunakili DNA maabara. Chukua ya baba na mama pia. Baba akiwa Dubai na sampuli yake isipatikane, badiliko lisilo kwa mama halitajulikana kama ni jipya kwa mtoto au limetoka kwa baba. Uliza, kwa adabu, kama wazazi ni binamu: hapo jeni zinazohitaji nakala mbili mbovu zinapanda juu ya orodha. FMR1, jeni ya ugonjwa wa Fragile X, iombewe kipimo chake peke yake, kwa sababu usomaji wa kawaida wa jeni huweza kukosa marudio ya herufi za DNA CGG hata yakizidi 200. Na majibu ya "maana haijulikani", yaani badiliko lisilojulikana kama lina madhara, yatakuwa mengi, kwani hifadhidata za jeni zimejaa watu wenye asili ya Ulaya. Mradi wa NeuroDev, utafiti wa jeni na ukuaji wa ubongo wa watoto huko Kilifi na Cape Town, unaziba sehemu ya pengo hilo.

Seli shina, zinazoweza kukuzwa kuwa seli za aina nyingine, zinafuata jeni ya usonji ikishajulikana, mathalani SHANK3. Kwa njia aliyoibuni Shinya Yamanaka mwaka 2006, seli za damu hurudishwa kuwa shina, kisha hukuzwa kuwa neva. Kazi ya miezi. Bakteria wa Mycoplasma wakiingia, tupa. Kromosomu zikaguliwe kila mara, hubadilika zenyewe kwenye sahani. Usilinganishe seli za watu wawili tu, tofauti zao ni nyingi mno. Irekebishe jeni kwa CRISPR, chombo cha kukata na kuhariri DNA, katika seli zilezile, ulinganishe hapo. Neva hizo ni changa, mfano wa kijusi, na si dawa: wauzao sindano za "stem cell" kwa wazazi wanauza kitu kisichoidhinishwa kutibu usonji.

Seli hizo hugandishwa kwenye naitrojeni, nyuzi −196, na zinaweza kudumu miaka mingi. Fomu ya ridhaa iseme nani ana haki ya kuziharibu, na kwamba mtoto ataulizwa upya akitimiza miaka 18.