Bibi Kajibu Salamu

Juzi usiku Shangazi wa Maskati kanitumia sauti kwenye WhatsApp, dakika nane na ushei. Simu yangu alikuwa nayo binti yangu. Akaifungua, akasikiliza kidogo, akasogeza mbele, akasikiliza, akasogeza tena. "Baba, amefika katikati bado anaulizia hali za watu." Nikamwambia arudishe mwanzo, mtu mzima hasogezwi mbele. Akarudisha shingo upande, na huku Shangazi akiendelea kututaja mmoja mmoja, akaniuliza: hivi zamani, kabla ya haya, mtu akipiga simu asikukute alifanyaje?

Alikuwa anapiga tena, nikamwambia. Isipokuwa kwetu. Sisi tulikuwa na mashine ya Ami.

Wanaoijua nyumba yetu ya Michenzani, Unguja mjini, wanazijua ngazi zake. Ghorofa ya tano, kwa miguu, na simu iko sebuleni juu. Sisi tuko chini tunacheza, mama kenda sokoni Darajani, Ami yuko dukani. Simu ikilia unaisikia dirishani, unapanda mbio, na ukifika mlangoni imeshanyamaza. Bibi alikuwa ndani siku zote, lakini kutoka chumbani kwake hadi sebuleni, kwa magoti yale, ilikuwa safari. Akifika hunyanyua mkono wa simu, akasema "naam" kwa laini iliyokufa, kisha akarudi zake akilaani. Na aliyekuwa akipiga, mara nyingi, ni Shangazi huyuhuyu. Kupiga kutoka Maskati wakati ule hakukuwa mchezo: 255, kisha 54, kisha namba zetu tano, na kila dakika ina bei yake.

Kwa hiyo 1996 Ami, aliyekuwa katika biashara ya Dubai kama nusu ya vijana wa mjini, akarudi na boksi lisilouzwa. "Hii ya nyumbani," akasema. Mashine ya kupokea simu. Nyeusi, bapa, ina kanda mbili ndogo ndani yake: moja ya maneno yetu sisi, moja ya maneno ya wanaopiga.

Kuifunga hakukuwa kazi kubwa. Plagi ya umeme ya Dubai na yetu ni ile ile ya miguu mitatu. Ya simu ndiyo haikufanana na tundu letu la ukutani, lakini simu inataka waya mbili tu, Ami akazivua kwa meno akazifunga kwa mkono. Betri ya mraba ya volti 9, ya kushikilia saa umeme ukikatika, haikuwemo, na hatukununua. Kitabu cha maelezo kilikuwa cha Kiingereza na Kiarabu. Kiingereza nikapewa mimi, mwanafunzi. Cha Kiarabu akakichukua Bibi, akavaa miwani, akakitazama sana, kisha akakirudisha. Hakina irabu, akasema. Hiki hakikuandikwa kisomwe.

Kazi ilikuwa kurekodi.

Tulingoja baada ya alasiri tukidhani mtaa umetulia. Mama akafunga madirisha, dada akazima redio, Bibi akakaa mkekani na tasbihi yake. Ami akavaa kanzu. Sijui kwa nini alivaa kanzu. Akakohoa, akabonyeza, mashine ikalia piip.

"Assalamu alaykum. Hapa nyumbani kwa," akataja jina la babu. "Kwa sasa hatupo..."

"Nani hayupo?"

Ami akasimamisha kanda. "Mama, ni maneno ya mashine tu."

"Mashine nimeisikia, imesema piip. Hayo mengine umesema wewe. Na mimi nipo."

"Basi sisi wengine hatupo."

"Sema hivyo. Mama yupo, wengine hawapo."

Mama yangu akatoa kichwa jikoni. Akauliza kwa adabu kama ni vizuri kila anayepiga namba yetu, tumjue tusimjue, aambiwe kuwa ndani yumo bibi kizee peke yake. Hilo likawatisha wote wawili. Ami akaanza upya: kwa sasa hatuwezi kupokea simu. Bibi akamsimamisha kwa mkono wenye tasbihi. Hatuwezi kwa nini? Watu watasema kuna mgonjwa, jioni nyumba ijae watazamaji, na mchele uliopo unajulikana. Tumetoka kidogo? Uongo. Tupo kazini? Bibi hajawahi kufanya kazi ya ofisi na hataki kuanza kusingiziwa uzeeni.

Kila walipoafikiana neno, mtaa ukaingia kati. Vespa ya jirani ikawashwa, ikazima, ikawashwa. Muuza kahawa akapita akigonga vikombe chini kabisa, ghorofa tano, na kandani akasikika kama yuko mvunguni. Watoto wakafunga bao. Kisha ikaadhiniwa magharibi, na juu ya adhana hakuna wa kusema, Ami akaweka mashine chini tukaenda kuswali.

Baada ya isha akaja na maneno mapya. Alikuwa ameyafikiria njiani na nikiri yalikuwa mazuri, hayana uongo, hayana ugonjwa, hayamwambii mwizi kitu: "Assalamu alaykum. Umefika nyumbani kwa fulani. Karibu. Ukisikia mlio, sema haja yako." Bibi akayakubali. Mama akayakubali. Mtaa umelala. Ami akabonyeza, akatoa salamu, akapumua kidogo kama anavyopumua mtu yeyote akishatoa salamu, na katika pumzi ile Bibi, mkekani, kwa sauti kamili:

"Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh."

Ami akaendelea hadi mwisho, jasho linamtoka. Tulipoirudisha kusikiliza, Bibi alikuwemo, tena anasikika kuliko mwenyewe.

"Mama!"

"Umetoa salamu. Ulitaka nikae nayo?"

Kuijibu ni wajibu, na Ami hilo halikuwa la kulibisha. Akaitazama saa ya ukutani, akaitazama mashine, akamtazama mama yake. Akasema iache.

Ikaachwa. Ndiyo ikawa kila anayepiga kwetu anasikia mtu akitoa salamu, bibi wa nyumba akiitika, kisha mlio, kisha kimya. Wangelifikiri nini? Walifikiri tupo, tumekaa, tunawasikiliza na hatutaki kusema nao. "Bi Mkubwa, nimekusikia, pokea basi." "Kwani nimewakosea nini?" Mtu mmoja, wa Mkunazini kwa sauti yake, alisema tu "Haya, ahsanteni," akakata, na hadi leo sijui ugomvi huo ulisuluhishwa vipi. Shangazi alinuna. Aliandika barua, akaeleza kwamba amelipa pesa za watu kumsikia mama yake akiitika salamu na kumnyima neno la pili.

Na hata waliozoea hawakufua dafu. Mashine ilikuwa na swichi ya kuteleza yenye nafasi mbili. Ya kwanza humpa mpigaji dakika moja, ikiisha inamkata. Sasa nipigieni hesabu nyinyi wenyewe. Salamu, hali ya mzee, magoti ya mzee, watoto mmoja mmoja, waliotoka salama, waliolala salama, na alhamdulillah za katikati. Dakika haikutosha hata kufika kwa mama yangu. Tukasogeza nafasi ya pili, ambayo haina kikomo cha dakika, ila mpigaji akinyamaza sekunde chache mashine huona amemaliza, nayo hukata. Hapo wakaangamia wenye adabu zaidi. Mtoto wa binamu anasema "Shikamoo Bibi," anangoja marahaba kama alivyofundishwa, anangoja, piip. Anapiga tena. "Shikamoo Bibi." Piip. Kanda ya jioni moja ilikuwa shikamoo tupu, na Bibi akaziitikia zote, marahaba, marahaba, mbele ya spika.

Tukarudisha dakika moja.

Sifa nyingine zilizoandikwa kwenye boksi hazikutufaa. Unaweza kupiga kutoka mbali, ukabonyeza namba za siri, ukasikiliza waliokutafuta. Simu ya dukani kwa Ami ilikuwa ya kuzungusha, haina cha kubonyeza. Umeme ukikatika, simu yenyewe ilikuwa inalia vizuri tu, maana umeme wake unatoka kituo cha simu na haukutegemea ule waya wa chini ya bahari unaotuletea umeme kutoka Bara. Mashine ndiyo inayokufa. Ukirudi, saa yake inaanza upya, ndipo kwa mujibu wa mashine ile ukoo wetu wote ulikuwa na tabia ya kupiga simu usiku wa manane.

Lakini nilitaka kusema ya yule mzee wa Pemba.

Ilikuwa jioni, tumetoka wote kwenda kumpokea mtu bandarini isipokuwa Bibi, naye alikuwa kwenye swala. Tukarudi, taa nyekundu inawaka. Sauti ya mwanamume mtu mzima, lafudhi ya Pemba isiyo na shaka. Hakushtushwa na Bibi kuitika. Akasalimia bila haraka. Akamuulizia Bibi, na magoti, la kushoto hasa, kwa hiyo anatujua. Akamuulizia Ami na Dubai. Akamuulizia mama. Akatutaja sisi watoto kwa majina, akabadilisha jina la dada na langu. Akasema kwao mvua imenyesha vizuri. "Sasa Bi Mkubwa nisikuweke sana, lililonifanya nipige ni hili..."

Piip.

Hakujitaja jina. Na kwa nini ajitaje, wakati Bibi kamwitikia? Tuliirudisha kanda ile hadi ikaanza kukwaruza. Bibi akasema sauti anaijua lakini mwenyewe hamjui. Tukatuma salamu za kuulizia Chake, Wete na Mkoani kwa kila aliyepanda MV Mapinduzi. Hakuna aliyepiga. Mama alishikilia kuwa ni mikarafuu ya urithi, tumedhulumiwa au tumeachiwa, moja kati ya hayo. Ami akasema ni karafuu kweli ila za kwenda Mombasa usiku, na mtu wa shughuli hiyo hawezi kujitaja kwenye kanda. Dada alikuwa wa kuolewa, na nadhani alikuwa na fikra yake, maana kwa muda mrefu simu ikilia alikuwa wa kwanza kufika. Mimi nilisema si msiba, mtu wa msiba asingeuliza goti. Bibi akanijibu kwamba hata wa msiba husalimia kwanza. Nikanyamaza, na hilo ndilo ninalolirudia mpaka sasa kuliko mengine. Mzee hakupiga tena. Au alipiga, siku ya giza.

Mashine haikukaa sana. Usiku mmoja umeme ulirudi kwa nguvu kuliko ulivyoondoka, ukaiunguza pamoja na feni. Ami akasikitikia feni. Baadaye zikaja simu za mkononi, kila mtu akawa na yake mfukoni, na suala la ngazi likaisha.

Mwaka juzi nilikwenda harusini Wete. Tumekaa barazani baada ya biriani, mzee mmoja nyuma yangu akaanza kusalimiana na mwenziwe: magoti, watoto, mvua, kwa mpangilio ule ule. Nywele zikanisimama. Nikageuka, nikajitambulisha kwa jina la babu, nikamuuliza kama aliwahi, miaka hiyo, kupiga simu nyumbani kwetu Michenzani.

Alinitazama kwa muda. Akasema wakati huo yeye hakuwa na simu. Kisha akasogea karibu, akanishika mkono, akauliza kwa sauti ya chini:

"Ami yako ndiye aliyekutuma? Mwambie pesa zake nitampa, inshallah, karafuu zikikauka."