Petro alitoka, Yakobo akauawa

Matendo ya Mitume sura ya 12 huhubiriwa sana kwa ajili ya Petro: minyororo inaanguka, lango la chuma linafunguka lenyewe, malaika anamtoa gerezani. Mstari wa pili wa sura hiyohiyo huwa tunaupita haraka. Herode alimwua Yakobo, ndugu yake Yohana, kwa upanga. Basi. Luka, mwandishi wa kitabu hicho, haelezi kwa nini mmoja aliokolewa na mwenzake akazikwa, ilhali wote wawili walikuwa wanafunzi wa karibu wa Yesu.

Mstari huo haunitoki tangu dada yangu mkubwa alipofariki. Figo zake zilishindwa kazi, akawa anawekwa kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa juma, nami nikikaa pembeni kumsomea Zaburi mpaka usingizi umchukue. Tuliomba. Tulifunga. Wazee wa kanisa walimpaka mafuta. Kulikuwa na majuma aliyoamka na nguvu, akaingia jikoni mwenyewe, tukaona jibu limeanza kuja. Halafu akaenda zake.

Baada ya mazishi mtu mmoja aliniambia, kwa upole kabisa, kwamba pengine imani yetu ilipungua. Nawasihi, msimwambie mfiwa neno hilo. Wale waliomwombea Petro walikuwa na imani kiasi gani? Alipobisha hodi kwenye nyumba walimokuwa wakiomba, na Roda, kijakazi, akakimbia kuwapa habari, walimjibu, "Una wazimu." Hawakusadiki, na Petro alikuwa amesimama palepale nje. Kama Mungu angekuwa anapima imani kwa kibaba kabla ya kutenda, Petro angebaki gerezani. Wala siamini kwamba waliompenda Yakobo walimlilia Mungu kwa moyo mdogo kuliko hao. Yesu mwenyewe aliomba mara tatu pale Gethsemane kikombe cha mateso kimwepuke, na alikinywa. Nani atasema imani yake ilikuwa haba?

Kilichonishika mkono ni Zaburi ya 88. Zaburi nyingi za kilio hugeuka mwishoni zikawa sifa. Hata ya 13, ile ya "hata lini," inamalizika kwa kuimba. Ya 88 haigeuki. Mtunzi wake, Hemani Mwezrahi, analia mchana na usiku, analalamika kwamba Mungu amemficha uso wake, na anaishia gizani. Lakini huyo anayemlilia amemwita tangu mwanzo "Mungu wa wokovu wangu." Na kilio hicho kimo katika Maandiko, kiliimbwa na watu wa Mungu katika ibada. Nilipoliona hilo nikathubutu kuomba bila kujifanya nimepona. Kuna usiku ambao maombi yangu yote yalikuwa zaburi hiyo tu, bila neno langu hata moja. Naamini yalipokelewa.

Binti wa dada anakaa nami sasa. Juzi aliniuliza, "Mama mdogo, Mungu alisikia tulipomwombea mama?"

Nikamwambia alisikia.

"Sasa mbona?"

Nikamwambia sijui, na kwamba hata mimi humwuliza Mungu swali hilo kila ninapopiga magoti. Akataka tumwulize pamoja. Ndivyo tunavyofanya kabla ya kulala, kisha tunaombea mtihani wake wa hesabu na miguu ya bibi inayomsumbua.