Baba kati ya nguzo za Isimila

Kamwene ndugu zangu! Tumerudi kutoka bonde la Isimila, hapa kwetu Iringa, jioni hii, vumbi bado liko kwenye viatu.

Kwetu likizo ya Juni ni matembezi mchana, filamu za zamani usiku. Tunajibana kwenye blanketi moja, maana baridi ya Iringa mnaijua.

Baba ndiye aliyetuambukiza. Anapenda zile zisizo na rangi, hasa za John Ford, mwongozaji wa Kimarekani. Stagecoach ya 1939, ile ya gari la farasi linalopita jangwani kwenye miamba mirefu iliyosimama kama nguzo, tumeirudia mpaka watoto wanajua farasi watatokea upande gani.

Basi leo tukashuka bondeni, kilomita 20 hivi kutoka mjini, njia ya Mbeya. Zana za mawe za watu wa kale watoto wakazitazama harakaharaka.

Halafu tukafika kwenye nguzo. Mvua na maji vimeuchonga udongo miaka na miaka mpaka zimebaki zimesimama, ndefu, kila moja na umbo lake.

Baba akasimama. Akavua kofia. Akapanga vidole kama fremu ya picha, akafumba jicho moja.

"Gari la farasi lingepita hapa."

Mjukuu wake akamvuta koti: "Hapana babu, lingetokea kule!"

Wakabishana palepale juani, mzee na mtoto, kuhusu farasi ambao hawapo. Sijamwona baba akicheka hivyo tangu mama atutoke. Nilishindwa hata kupiga picha, nilibaki namtazama tu.

Wiki ijayo tunampeleka hifadhi ya Kitulo, Mungu akipenda.

Nyumbani kwenu mnaangalia filamu gani za zamani? Nitajieni, baba anasubiri orodha.