Gesi iliyorudi baada ya chai

AC ya gari langu ilikuwa inafanya kazi mpaka Pongwe. Natoka Muheza asubuhi na baridi safi, natamba na vioo nimepandisha, nikikaribia Pongwe upepo unabadilika. Feni inavuma vilevile, ila sasa unapulizwa na mdomo wa tanuri. Februari ya Tanga mnaijua.

Gari ni Hilux ya mwaka 1996, dabo kebini, injini 2.8 ya dizeli, aliloniachia marehemu baba. Nauza pembejeo, kwa hiyo kila wiki nakwenda Tanga mjini kufuata mzigo. Kioo cha abiria kimegoma kushuka tangu mwaka juzi (hiyo kesi nyingine), kwa hiyo AC ikikata nabaki na kioo changu kimoja na vumbi la malori.

Fundi wa kwanza alinisikiliza sentensi moja. "Mama, gesi imeisha." Akajaza, bila geji, anashikashika bomba kwa kiganja mpaka akaridhika. Elfu sitini. Wiki iliyofuata, Pongwe, tanuri. Nikarudi, akaongeza tena. Safari hii hata injini ikawa inalemewa kwenye mlima.

Wa pili akasema kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya AC, imekufa, anayo ya mtumba, laki nne na nusu. Nilikuwa na hela mkononi, nasema kweli. Kilichonizuia ni jambo nililokuwa nimewaambia wote wawili, na wote wawili wakalipita kama kibao cha barabarani: nikisimama Pongwe nikazima gari, nikanywa chai nusu saa, nikiwasha baridi inarudi. Mimi si fundi, lakini gesi iliyovuja hairudi kwa sababu dereva amekunywa chai. Na kompresa iliyokufa haifufuki kwa chapati.

Wa tatu ni mzee mmoja wa umeme wa magari. Nilipofika kwenye hiyo ya chai akaweka spana chini. "Hebu rudia hapo, mama."

Kwanza alifunga geji za presha ya gesi, ya bluu na nyekundu. Nyekundu ilikuwa juu kuliko inavyotakiwa. Gesi ilikuwa imezidi! Akaipunguza kwa mashine yake mpaka bluu ikasoma 35 hivi na nyekundu 220. Kisha akaliacha gari linaunguruma juani, boneti wazi, akavuta stuli akakaa. Hakuna alichogusa. Tulikaa karibu nusu saa tukizungumza bei ya machungwa.

Ghafla mlio wa injini ukawa mwepesi, mishale miwili ya geji ikaanza kusogeleana. Mzee akainuka, akachomeka testa kwenye waya wa kompresa: volti 13 na kitu. Umeme unafika. Puli inazunguka na mkanda, lakini ile sahani ya klachi iliyo mbele yake imesimama tuli. Akachukua mpini wa nyundo, wa mti, akaisukuma sahani kidogo tu. Tak! Ikashika, injini ikainama kidogo kama mtu aliyetwishwa gunia, na ndani ya dakika moja bomba likaanza kutoka jasho.

(Msijaribu hilo nyumbani. Mkanda na feni havijui kama ni mkono wa mwenye gari.)

Akanieleza hivi. Nyuma ya puli kuna koili. Ikipata umeme inakuwa sumaku, inaivuta sahani. Sahani ikilika kwa miaka, mwanya kati yake na puli unapanuka. Asubuhi koili ni ya baridi, sumaku ina nguvu, inavuta hata kwa mbali. Ikichemka, umeme unaopita unapungua na nguvu inapungua. Ikishakuwa imeshika haiachii, lakini siku zote thamostati huikata kidogo ili barafu isigande ndani, na ikitaka kushika tena, haifiki. Ndiyo Pongwe yangu hiyo.

Akapima mwanya kwa fila, vile vibati vyembamba vya kupimia: milimita 0.9. Anautaka nusu milimita hivi. Akafungua bolti ya kati, akaitoa sahani, na nyuma yake mlikuwa na washa nyembamba, zimepangwa kama sarafu. Akatoa moja. Akarudisha, akapima tena: 0.5. Akaizungusha sahani kwa kidole kuona haisugui. Basi. Elfu ishirini, pamoja na ile kazi ya gesi.

Kesho yake niliondoka Muheza makusudi saa saba mchana. Pongwe nilipunguza mwendo, nikazima redio nisikilize. Kikapita kimya kidogo, halafu chini ya boneti: tak. Mama wa chai alinipungia, nikampungia kwa ndani ya kioo.