Wiki Tano za Tangi Lisilo na Samaki

Nilianza kufuga samaki kwa sababu ya usingizi. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikitoka kazini mwili unafika nyumbani lakini kichwa kimebaki kulekule, nalala simu iko mkononi, saa nane za usiku macho makavu nahesabu mambo ya kesho. Mtu wangu wa karibu akaniambia, "Tafuta kitu hai cha kutazama, kisichosema." Nikanunua tangi la kioo la lita 20, changarawe, kichujio kidogo cha sponji na samaki sita wadogo aina ya gapi.

Aliyeniuzia alinielekeza kwa maneno machache: jaza maji, washa pampu, tia samaki. Nikafanya hivyohivyo siku ileile. Jioni ile nilizima taa zote sebuleni nikaacha ya tangi peke yake, na nakumbuka nilikaa pale zaidi ya saa nzima bila kugusa simu. Mikia ya gapi ilikuwa ikipepea kama kanga kambani.

Siku ya tatu maji yakageuka meupe, kama yamemwagiwa tone la maziwa. Siku ya nne samaki wote wakawa juu, midomo inafunguka na kufumba usoni pa maji. Nikaona huu ni uchafu, na uchafu dawa yake ni kuosha. Nikamwaga maji yote. Nikasugua kioo, nikaosha changarawe, nikaishika ile sponji nikaikamua chini ya bomba mpaka ikatoka safi kama mpya. Nikajaza maji ya bomba upya. Asubuhi yake wawili walikuwa wameelea.

Ndani ya wiki mbili alibaki mmoja, jike mwenye mkia wa rangi ya chungwa. Nilimtazama kwa karibu siku yake ya mwisho. Alikuwa amejikunja kwenye kona karibu na kichujio, mapezi yamebana ubavuni, na chini ya kifuniko cha shavu matamvua yalionekana mekundu sana, kama kidonda. Alikuwa akipumua haraka haraka. Kila nilipoona anazidiwa nilimbadilishia maji tena, nikiamini namsaidia.

Alipokufa niliosha tangi, nikalifunika, na kwa mwezi mzima sikulitazama. Lakini swali halikuniacha: maji yalikuwa safi, chakula kilikuwepo, hewa ilikuwepo, hawa samaki walikufa na nini?

Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Nilikuja kujua kwamba samaki hutoa amonia muda wote, sehemu kubwa ikipitia kwenye matamvua yenyewe, na kwamba kinyesi na chakula kilichobaki vikioza huongeza nyingine. Mtoni au ziwani amonia hiyo hutawanyika katika maji mengi. Ndani ya lita 20 haina pa kwenda. Inarudi kuwaunguza walioitoa. Kinachowaokoa ni bakteria. Kundi la kwanza, ambalo Nitrosomonas ni miongoni mwao, hugeuza amonia kuwa nitriti. Nitriti nayo ni sumu: huingia kwenye damu na kuizuia isibebe oksijeni, hivyo samaki anatweta ndani ya maji yenye hewa tele. Kundi la pili, wakiwemo Nitrospira, huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi kikubwa zaidi na mimea huila.

Bakteria hawa hawaelei sana majini. Wanakaa juu ya vitu: changarawe, kioo, majani, na zaidi ya yote ndani ya sponji ya kichujio, ambako maji yenye hewa hupita mchana na usiku. Yaani ule ute wa kahawia nilioukamua chini ya bomba mpaka sponji ikang'aa ndio uliokuwa unaanza kujenga uhai wa tangi langu. Na maji ya bomba yana klorini, iliyowekwa humo kwa kazi ya kuua bakteria. Nilikuwa nikibomoa kila kilichokuwa kinajengwa, kisha naumizwa na matokeo. Nilipolielewa hilo niliumia upya, lakini mara hii nilijua pa kuanzia.

Nikaanza tena na tangi la lita 60. Wengi huona tangi dogo ndilo rahisi kwa anayejifunza, na sikubaliani nao hata kidogo. Maji machache huchafuka haraka, hupoa haraka, hupata joto haraka. Kosa moja dogo linakuwa msiba. Maji mengi hukupa muda wa kugundua na kurekebisha. Bakuli la duara lisilo na kichujio mimi nisingemwekea samaki yeyote, hata samaki aina ya beta ambaye anaweza kuvuta hewa juu ya maji. Kuweza kuvuta hewa hakumwondolei amonia mwilini.

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo kabla ya kioo na changarawe tayari nilikuwa na kilo 60. Meza ya awali haikufaa. Nikapata ya mbao nzito, nikaiweka mbali na dirisha ili jua lisilipige tangi. Waya za umeme nikaziacha zining'inie chini kidogo kuliko soketi kabla ya kupanda, ili tone likiteleza kwenye waya lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme. Chini nikatandaza mchanga laini. Nikapanda Vallisneria nyuma, Cryptocoryne katikati, na Anubias nikaifunga kwa uzi juu ya jiwe, maana shina lake nene likifukiwa huoza. Wiki ya kwanza majani ya Cryptocoryne yaliyeyuka yote. Nikajizuia nisiing'oe. Mizizi ilikuwa hai, na baada ya muda ikatoa majani mengine yaliyozoea maji yangu.

Halafu nikangoja. Wiki tano, tangi limejaa, taa inawaka, kichujio kinanguruma taratibu, na hakuna samaki hata mmoja.

Kila baada ya siku moja nilitia chembe chache za chakula cha samaki ili zioze na kutoa amonia, bakteria wapate cha kula. Nilikuwa na daftari na vichupa vya kupimia maji. Kipimo changu cha amonia kinabaki njano pasipo na kitu na kugeuka kijani kadiri inavyozidi. Cha nitriti ni buluu pasipo na kitu na zambarau inapokuwepo. Siku ya tisa njano ikaanza kuingia ukijani. Siku ya kumi na tisa kile cha nitriti kikawa zambarau iliyokolea, na amonia ikaanza kupungua. Siku ya thelathini na nne vyote viwili vilisoma sifuri, wakati nitrati imepanda. Nikatia chakula zaidi ya kawaida makusudi, nikapima siku mbili mfululizo. Njano, buluu. Njano, buluu. Nilikishika kile kichupa mbele ya taa kwa muda mrefu. Sikumbuki lini mara ya mwisho rangi ya njano ilinifurahisha hivyo.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba usingizi wangu ulirudi katika wiki hizohizo, kabla ya samaki. Kila jioni nilikaa mbele ya maji kwa ajili ya kupima, na kupima kunachukua dakika kumi tu, lakini nilibaki. Nilianza kuona vitu. Taa ikishawaka kwa saa kadhaa, Vallisneria hutoa vipovu vya oksijeni kimoja kimoja, vinapanda kwa mstari ulionyooka kama uzi wa shanga. Konokono wawili waliokuja na mimea, wadogo kuliko punje ya mtama, walikuwa wakikwangua utando kwenye kioo na kuacha njia nyembamba. Pumzi yangu ilikuwa ikishuka yenyewe. Baadaye nilisoma kwamba, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, watafiti wa vyuo vikuu vya Plymouth na Exeter nchini Uingereza waliwapima watu waliotazama tangi kubwa la maonyesho wakati likijazwa samaki hatua kwa hatua. Watazamaji walitulia hata lilipokuwa halijatiwa samaki, na mapigo ya moyo yalishuka zaidi samaki walipoongezeka. Nilipoisoma habari hiyo sikushangaa. Nilikuwa nimeshaiishi.

Samaki wa kwanza walikuwa kambare wadogo wa jamii ya Corydoras, sita kwa pamoja, kwa kuwa ni viumbe wa kukaa kundi na mmoja peke yake hujificha. Nilielesha mfuko wao juu ya maji robo saa joto lilingane, nikawa naongeza kikombe cha maji ya tangi kidogo kidogo, kisha nikawahamisha kwa wavu bila kumwaga maji ya mfuko ndani. Baada ya dakika chache mmoja akashuka mchangani, akazika sharubu zake, akaanza kupepeta mchanga ukitokea kwenye mashavu.

Usiku wa pili nikaona mmoja anapaa ghafla hadi juu, anagusa uso wa maji, anarudi chini kwa kasi. Kisha mwingine. Moyo ukanidunda, nikamwona tena yule jike wa mkia wa chungwa. Nikapima maji mikono ikitetemeka: njano, buluu. Kumbe kambare hawa ndivyo walivyoumbwa. Humeza hewa, na utumbo wao hufyonza oksijeni iliyomo. Mara chache kwa siku ni kawaida yao. Ikiwa kila mara, na mashavu yanaenda mbio, hapo ndipo pa kuogopa. Nilijifunza kutofautisha kwa kutazama tu, na hadi leo hilo ndilo linalonikalisha pale. Ukitulia mbele yao watakukonyeza pia: jicho linazunguka chini ghafla na kurudi.

Wiki tatu baadaye nikaongeza gapi, madume matupu. Gapi hazai mayai. Huzaa watoto wanaoogelea, takriban kila mwezi, na jike huweza kuhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miezi. Ukichukua jike mmoja dukani huenda tayari amebeba ukoo mzima, na lita 60 zina mwisho.

Kazi ya Jumamosi sasa siikosi. Nachomoa hita kwanza, maana ikibaki juu ya maji ikiwa ya moto kioo chake huweza kupasuka. Nachota lita 15 kwa mpira mpaka ndooni, nikipitisha mdomo wa mpira juu ya mchanga kunyonya kinyesi. Sponji naikamua mara mbili tatu ndani ya ndoo ya hayohayo maji ya tangi, kamwe si bombani, na nairudisha ikiwa bado na rangi ya kahawia. Maji mapya nayatia dawa ya kuondoa klorini. Zamani nilikuwa nikiyalaza usiku kucha, lakini kuna maji ya bomba yenye kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, ambayo hayaachi sumu yake kwa kulazwa, kwa hiyo dawa ndiyo ya uhakika. Nayalinganisha joto, nyuzi 25, nikayamimina polepole juu ya kiganja ili mchanga usitibuke. Gapi huja kunidonoa vidole.

Kosa lililobaki lilikuwa la taa. Nilikuwa naiacha iwake kwa muda wa saa kumi na mbili kila siku kwa raha zangu, mwani ukavaa kila jani. Sasa inawaka kwa muda wa saa saba tu, kisha inajizima yenyewe. Chakula ni mara moja, kiasi cha kuisha ndani ya dakika mbili, na siku moja ya wiki hawali kabisa. Wageni huona ni ukatili. Huwa nawaonyesha tu jinsi kambare wanavyohangaika mchangani kwa furaha siku hiyo wakitafuta makombo.

Mwezi uliopita jirani yangu aliyekuwa akija kukaa nami mbele ya tangi alinunua la kwake. Aliniuliza kama nitampa gapi wawili wa kuanzia. Nikamwambia gapi watakuja baadaye. Nilichukua mkasi, nikakata theluthi ya sponji yangu, nikaitia kwenye mfuko pamoja na maji ya tangi isikauke, nikampa.

Akauinua mfuko, akautazama kwenye mwanga. "Ndiyo hii tu, jirani?"

"Ndiyo hiyo. Iweke ndani ya kichujio chako leo hii. Na tafadhali, usiioshe."