Laki nne kwa mlo mmoja, na mama mezani

Shangani, Mtwara. Jumapili usiku.

Risiti bado iko ndani ya daftari la mchezo wetu wa kupeana fedha kwa zamu. Kila nikilifungua kuandika nani kachangia na nani bado, naikuta: shilingi 436,000. Watu wawili, mlo mmoja, maji na juisi ya ukwaju. Mdogo wangu alipoisikia hesabu hiyo alinyamaza kwenye simu mpaka nikadhani mtandao umekatika, halafu akauliza, "Dada, kwani mlikula nini?" Nilimjibu juu juu, kwamba kulikuwa na pweza na samaki na vitu vingine. Usiku huu nataka nimjibu sawasawa, na nijijibu mwenyewe, maana fedha ile ilikuwa na kazi yake. Zamu yangu ya mchezo ilikuwa ya mabati ya jiko la mama.

Mama anauza chakula karibu na feri, mwaka wa ishirini na sita huu. Anaamka saa kumi alfajiri. Asubuhi chapati na supu ya pweza, mchana wali wa nazi na samaki, mbaazi, kisamvu. Msimu wa korosho ukifika, kibanda chake hakina nafasi ya kuweka mguu: madereva wa malori, vibarua wa maghala, makarani wa mizani. Katika miaka yote hiyo sijawahi kumwona amemaliza sahani yake akiwa amekaa. Hula kwenye kifuniko cha sufuria, amesimama kando ya jiko, anatia tonge mdomoni huku jicho liko kwa wateja. Mtu akiita "Mama, niongezee mchuzi," kifuniko kinawekwa chini, na akirudi chakula kimeshapoa. Nyumbani ni vilevile. Anapakulia wengine mpaka ukoko, ndipo anajikumbuka.

Mwezi uliopita nilimpeleka Dar kuangaliwa jicho, wiki sita baada ya kutolewa mtoto wa jicho. Tulipopita Daraja la Mkapa alisogea dirishani akautazama Rufiji, akasema, "Kumbe maji yake yana rangi ya chai ya maziwa." Alishavuka hapo mara nyingi, ila macho yake yalikuwa na ukungu. Daktari akasema jicho limepona vizuri. Tukatoka pale mama akisoma mabango ya barabarani kwa sauti, moja baada ya jingine, na mimi ndani ya daladala nikaamua jambo ambalo nilikuwa nalo moyoni muda mrefu. Nikapiga simu, nikaweka nafasi ya watu wawili, saa moja jioni.

Mahali penyewe sipataji. Ni moja ya zile hoteli ambazo bei haiandikwi mlangoni. Unakula wanachokuletea, hatua saba, kidogo kidogo. Mama alivaa doti ya kanga aliyonunuliwa Idi na kiatu cha kufunika, akakalishwa kwenye kiti ambacho kijana alimvutia nyuma kisha akamsogezea mezani. Nikaona anavyoshika kingo za kiti kwa mikono miwili, kama mtu aliyepanda mtumbwi wenye mawimbi.

Si kila kitu kilikuwa kizuri. Hatua ya pili walileta jodari mbichi aliyekatwa vipande vyembamba na kutiwa ndimu. Mama aliangalia, akaonja kidogo kwa heshima, akamfunika kwa kitambaa cha mezani. Mhudumu aliona. Hakuuliza kitu. Baada ya dakika chache sahani ile iliondoka, akaletewa kipande cha jodari yuleyule kimebanikwa. Maji ya chupa kwa shilingi 12,000 sitayatetea kwa mtu yeyote. Na tamu ya mwisho ilikuwa ya kupendeza macho tu, ningekula embe.

Ila pweza. Walileta mnyiri wake mmoja, yaani mkono, kwa kila mtu, umechomwa juu ukawa na weusi kidogo, ndani mweupe na laini kiasi kwamba kisu kilizama kwa uzito wake. Chini yake walimwaga mchuzi mzito wa rangi ya maziwa. Mama alichovya ncha ya uma, akalamba, akafumba macho. "Korosho," akasema. "Zimekaangwa kwa moto mdogo, zikaondolewa ngozi, zikasagwa na tui. Hawakuziunguza hata moja." Kisha akaugeuza ule mnyiri, akaangalia upande wa chini, kwenye vile vikombe, akavibonyeza kimoja kimoja kwa kidole. Mimi namjua mama anapokagua kitu. Akamwita kijana.

"Mwanangu, huyu pweza mmempondea wapi?"

Kijana akasema hakupondwa. Wanamtia kwenye mfuko usiopitisha hewa, wanamzamisha kwenye maji ya moto yasiyofika kuchemka, anakaa humo saa tano. Ndipo anapitishwa motoni haraka. Mama akamuuliza ukubwa wa moto, akamuuliza kama wanatia chumvi mwanzo au mwisho, kijana akaomba aende jikoni akaulize. Akarudi na majibu. Chumvi mwisho. Mama akatikisa kichwa kukubali, kwa sababu ndivyo afanyavyo yeye.

Sisi pweza tunampiga jiweni. Mama aliambiwa na mama yake kwamba pweza asiyepondwa ni mpira, na kweli ukimchemsha kwa papara anakuwa mpira. Moto mdogo wa muda mrefu unayeyusha ile mishipa migumu ya nyama taratibu. Jiwe linaivunja kwa nguvu. Njia mbili za kufika palepale. Asubuhi ya siku tuliyosafiri kilo ya pweza pale feri ilikuwa shilingi 9,000, na mnyiri mmoja kama ule haufiki robo kilo. Kwa hiyo mtu akisema nililipia pweza, hajui hesabu.

Mimi kazi yangu ni vitabu vya ghala, siwezi kuacha tarakimu zilale. Ndani ya ile 436,000, zaidi ya elfu sitini na sita ni kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, haikuwa ya hoteli kamwe. Kinachobaki sehemu kubwa ni watu. Niliwahesabu: waliopita mbele yetu walikuwa kumi na mmoja, bila wa jikoni, na wateja ukumbini hatukufika thelathini. Kuna mtu ambaye kazi yake usiku ule ilikuwa kubadilisha vijiko tu. Kuna mtu aliyekaa na korosho zile kwenye kikaango akizigeuza ili hata moja isiungue. Na kabla yake kuna mwanamke aliyezibangua. Kupata kilo moja ya kiini unahitaji kilo nne hadi tano za korosho zenye maganda, na ganda lina mafuta yanayokula ngozi. Mama alibangua korosho ujanani; ncha za vidole vyake viwili mpaka leo ni laini, ile mistari ya alama za vidole imefutika. Sehemu kubwa ya mazao yetu hupanda meli hapa bandarini yakiwa na maganda yake, yakabanguliwe India na Vietnam. Nimeandika magunia hayo kwenye vitabu miaka tisa, lakini sikuwahi kufikiria kidole cha mtu mpaka nilipoona mchuzi ule mweupe umezunguka mnyiri wa pweza.

Kwa hiyo swali la kwamba chakula ghali kinastahili bei yake au hakistahili, kwangu limegeuka. Najiuliza fedha inafika kwenye mikono ipi. Nilisoma kuhusu Noma, mgahawa wa mpishi René Redzepi uliofunguliwa Copenhagen, Denmark, 2003, ukatajwa mara tano kuwa bora kuliko yote duniani. Watu walipanda ndege kwenda kula pale. Hata hivyo mpaka 2022 vijana wengi waliojifunza kazi jikoni mwake walikuwa hawalipwi, na Januari 2023, miezi michache tu baada ya kuanza kuwalipa, Redzepi alitangaza kwamba mgahawa ule hautaendelea kwa mtindo uleule, kwamba hesabu yake haikai na watu wanachoka. Nilisoma mara mbili. Kama wateja wa bei ile hawakutosha kuwalipa wanaochambua majani jikoni, basi bei kubwa peke yake haishuhudii kwamba kila mmoja amepata haki yake.

Na zile nyota wanazopewa migahawa, zinazotajwa sana, zilitoka kwa watengeneza matairi. Ndugu wawili wa Ufaransa, André na Édouard Michelin, walitoa kitabu cha mwongozo 1900 ili wenye magari wasafiri zaidi na matairi yaishe. Nyota ya kwanza ilikuja 1926, na miaka michache baadaye zikawa hadi tatu. Tatu maana yake ni kwamba chakula cha pale kinastahili safari yake peke yake. Nilipoelewa hilo niliwakumbuka madereva wa mama. Yuko mmoja anayetoka Dar na lori, akikaribia Lindi anapiga simu: "Mama, nibakizie supu." Anakanyaga mafuta kwa ajili ya bakuli moja. Mama hana nyota, ana ubao mweusi na chaki.

Sasa nije kwa lile ambalo mdogo wangu nilimficha. Kilichonifanya nilipe bila mkono kutetemeka hakikuwa kwenye sahani. Tulikaa tangu saa moja mpaka saa nne usiku. Hatua ya nne ilipofika, mama aliachia zile kingo za kiti. Mgongo ukaegemea. Sahani ikiisha alikuwa bado anajiinua kidogo kutaka kuikusanya, kisha anakumbuka, anarudi. Hatua ya sita hakujiinua tena. Alikula kila kitu kikiwa cha moto. Alinisimulia habari za bibi yangu niliyerithi jina lake, ndiyo maana mama huniita mama, habari ambazo sikuwahi kuzisikia, na sababu ya kutozisikia ni kwamba mama huwa hana saa tatu mfululizo za kuzungumza.

Katikati ya habari hizo alimtazama yule kijana aliyesimama ukutani mikono nyuma, akamwita kwa kidole.

"Mwanangu, na wewe umekula?"

Kijana akashtuka. Akasema wanakula saa tano, wageni wakishaondoka.

"Mnakula mmekaa?"

"Tunakaa, mama."

"Haya. Hapo sawa."

Ndani ya basi la kurudi hakuuliza bei mpaka tulipopita Nangurukuru. Nilitaka kudanganya. Nikamwambia ukweli, pamoja na habari ya mabati. Hakusema neno mpaka tukakaribia Mchinga. Mimi nilikuwa natazama mikorosho, natafuta namna ya kuomba radhi. Mara akasema, "Sahani mia moja na tisa." Alikuwa anapiga hesabu kwa pweza na wali wake wa shilingi 4,000. Ni mauzo ya siku mbili nzima, tena mauzo, si faida. Nikasema, "Nisamehe, mama." Akaniambia, "Nisikusamehe kwa lipi? Ningezipakua zote hizo nimesimama." Akafunga mtandio vizuri, akalala mpaka Mtwara.

Hivyo, mdogo wangu, jibu langu ni hili. Kwa mtu anayekwenda kila mwisho wa wiki, akapiga picha na kuacha chakula kinapoa kama jirani zetu wa meza ya pili, sidhani inafaa, na kinachonikera hapo ni zile saa tano za moto mdogo zinazotupwa. Mwenye watoto wanaofukuzwa ada asiguse. Mimi mwenyewe sitarudi mwaka huu wala ujao. Lakini usiku ule mmoja siujutii. Kwa bei ya korosho iliyotangazwa na serikali 2018, shilingi 3,300 kwa kilo, ni kilo 132, na ningezitoa tena ili mama akae vile, mgongo umeegemea, anakula cha moto na mtu mwingine ndiye anayesimama, tena mtu anayelipwa na atakayekaa naye akala.

Mabati nimeongea na fundi. Tunaanza na nane, upande wa jiko, kabla mvua hazijakolea. Yaliyobaki zamu ijayo.

Juzi ilikuwa bamvua, maji yanapokupwa mbali, akina mama walirudi na pweza wengi, na mama alinitafutia kazi. Alinifanya nikae naye kuanzia saa nane usiku kulinda moto. Alimtia pweza kwenye sufuria bila maji, akafunika kwa jani la mgomba na kifuniko, akaweka jiwe juu, na mkaa akaufukia kwa majivu ukabaki unapumua tu. Hakumpiga jiweni hata mara moja. Saa moja asubuhi alipomchoma kisu, kisu kilizama. Alisaga korosho vipande, zile zilizovunjika ambazo ni rahisi, akazitia kwenye tui la kwanza. Yule dereva alikula bakuli mbili na kuuliza mama amefanya nini.

Nilimwambia apandishe bei. Alikataa, akasema watu wake atawaambiaje. Nikamkumbusha saa tano za moto, usingizi wake, na vidole vya aliyebangua. Tukabishana mpaka nikachelewa kazini. Leo nimepita kutoka sokoni, kibanda kimefungwa, ubao ameuegemeza ndani ya dirisha tayari kwa kesho. Wali samaki ni 3,000 kama kawaida. Chini yake amefuta kwa kiganja, chaki ya zamani inaonekana bado, na juu yake ameandika upya: Pweza wa korosho, 5,000.